Nilipobakiza Kilo Mbili Kuwa Gunia la Korosho

Msimu wa korosho wa mwaka 2024 ulipofunguliwa mwezi Oktoba, nilipanda juu ya mizani ya ghala letu kabla gunia la kwanza halijaletwa, kama nifanyavyo kila mwaka. Karani wa mizani anayetaka kuaminiwa na wakulima hana budi kuijaribu mizani yake kwa kitu anachokijua uzito, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii kitu hicho kimekuwa mwili wangu mwenyewe, ambao haukuwahi kupanda wala kushuka zaidi ya kilo moja. Mawe rasmi ya kupimia yapo, lakini mwili hauhitaji kutafutiwa ufunguo wa kabati. Msimu uliotangulia nilikuwa na kilo 67. Safari hii kioo kilionyesha 78. Nilishuka, nikafuta vumbi, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikapanda tena kwa adabu zaidi, na kioo kikaonyesha 78 ile ile. Kijana mmoja wa kupakia, aliyekuwa ameketi juu ya rundo la magunia matupu, akasema bila hata kuinua kichwa: "Karani, umebakiza kilo mbili tu tukushone mdomo." Kwa asiyeujua utani huo, gunia la korosho ghafi hujazwa kilo 80 kisha hushonwa mdomo, na tangu siku ile hadi msimu ulipofungwa hakuna kijana wa kupakia aliyeniita karani tena. Niliitwa Gunia.

Mizani haikuwa mbovu. Nilikuwa nimeacha sigara miezi saba iliyopita, baada ya kuvuta kwa miaka 22, na zile kilo 11 zilikuwa zimeingia mwilini mwangu katika kipindi hicho bila mimi kuzipokea rasmi. Nilijua kwamba suruali zinabana, kwa kuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara, alikwisha kuzifumua viuno mara mbili, ila nilijidanganya kwamba vitambaa vya siku hizi havina uaminifu. Wanaotushauri kuacha sigara hutueleza habari za mapafu, moyo na saratani, na yote hayo ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kunieleza habari ya suruali. Ninaieleza hapa kwa kirefu kwa sababu kilo hizo nusura zinirudishe kwenye sigara, na ninaamini siko peke yangu.

Niliacha siku ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo, ulioanza Machi, kwa hesabu ambayo kila mvutaji Mwislamu wa pwani hii amewahi kuipiga: ikiwa mchana kutwa ninaweza kukaa bila moshi, basi kilichobaki ni usiku tu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande mmoja. Nikotini haikai mwilini kwa muda mrefu, kwani baada ya saa mbili hivi nusu ya kiasi kilichomo katika damu huwa imekwisha kuondoka, kwa hiyo mfungaji anayevuta hufika alasiri akiwa tayari katika alosto, yaani mateso ya kuikosa sigara, hufuturu kwa sigara kabla ya tende, na kesho yake huianza safari ile ile upya. Aliyeamua kutofuturu kwa sigara huwa anaendelea tu na safari aliyoianza asubuhi. Siku nne za mwanzo zilikuwa nzito, kichwa kiliuma na ulimi wangu ulikuwa mkali kwa watoto bila sababu, kisha katika wiki ya pili mambo yakaanza kulegea.

Kwa upande wa pili hesabu ile ilikuwa na tundu. Usiku wa Ramadhani hapa kwetu ni usiku wa kula. Muhogo wa nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati na uji wenye pilipili manga huwekwa mkekani kwa pamoja, na mtu ambaye mwaka jana alikuwa akiondoka mkekani mapema ili akavute nje, mwaka huu hana pa kwenda. Nilikaa. Nilikula mpaka ilipoadhiniwa Isha, nikarudi baada ya tarawehe nikala tena, na saa tano usiku, saa ambayo zamani nilikuwa nikivuta sigara ya mwisho kibarazani, nilikuwa ninafunua sufuria jikoni. Isitoshe, chakula chenyewe kilikuwa kimebadilika. Moshi huifubaza pua na ulimi, na mtu akiacha kuvuta, hisi hizo huanza kurudi ndani ya siku chache. Kwangu zilirudi kupitia mchuzi wa papa mkavu, ambao niliuonja siku ya tano au ya sita nikamwuliza mke wangu ameongeza kitu gani. Hakuwa ameongeza kitu. Alidhani ninamsifu, akaupika vivyo hivyo siku tatu mfululizo, nami nikaumaliza siku tatu mfululizo.

Baada ya utani wa ghalani nilikwenda kituo cha afya, kwa hofu ya kisukari zaidi kuliko kwa aibu ya kitambi, kwa kuwa marehemu baba yangu aliishi na ugonjwa huo. Nilipimwa presha, sukari kabla ya kula chochote, uzito, urefu na kiuno. Sukari ilikuwa salama na presha ilikuwa juu kidogo. Kiuno kilikuwa sentimita 99, ilhali kwa mwanamume 94 ndiyo alama ambayo ikivukwa, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huhesabiwa kuwa imeanza kupanda. Kwa urefu wangu wa mita 1.70, uwiano wa uzito na urefu, ule unaoitwa BMI, ulikuwa 27, wakati uzito uliozidi huanza kuhesabiwa kwenye 25. Mwuguzi aliyenipima, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, uliacha lini kuvuta?" Nilishangaa amejuaje, akasema kwamba mwanamume wa umri wangu anayenenepa ghafla huwa ama amepata cheo ama ameacha sigara, na mimi sikufanana na mwenye cheo.

Alinieleza kwamba nikotini hufanya kazi mbili ambazo mvutaji hakuziomba. Kwanza huuchochea mwili, moyo ukapiga haraka zaidi na mwili ukaunguza nishati hata mtu akiwa ameketi; kwa mvutaji wa pakiti nzima au zaidi kwa siku, ziada hiyo inaweza kufika kalori 200 hivi, yaani kiasi cha andazi moja la kawaida. Pili, hugusa sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, ikaiarifu kwamba mtu ameshiba. Sigara ikiondoka, andazi lile haliunguzwi tena na taarifa ya kushiba huchelewa kufika. Kwa hiyo hata mtu akiendelea kula kile kile alichokula zamani ataongezeka, na kwa kawaida hali kile kile.

Baadaye nilitafuta mwenyewe, kwa kuwa karani hatosheki na maneno bila tarakimu. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la madaktari wa Uingereza, ulionyesha kwamba walioacha sigara bila msaada wa dawa waliongezeka kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na kwamba sehemu kubwa ya uzito huo iliingia katika miezi mitatu ya mwanzo. Lakini wastani hauonyeshi kila mmoja alivyotoka: takriban watu 16 katika kila 100 walipungua, na takriban 13 waliongezeka zaidi ya kilo kumi. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao 13. Nikakaa na kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori zipatazo 7,700. Andazi moja la kila siku kwa siku 210 ni kalori 42,000. Ukigawanya unapata kilo tano na nusu. Hata nikijihesabu mvutaji wa pakiti nzima, ambaye sikuwa, nikotini ilikuwa na kesi ya kujibu kwa nusu ya zile kilo 11 tu. Nusu nyingine niliitia mwenyewe.

Nusu hiyo niliikuta mfukoni. Kwa miaka 22 mfuko wa kushoto wa shati langu ulikaa pakiti ya sigara, na mkono wangu ulikuwa umezoea kwenda pale kila ninaposubiri jambo, iwe gari la mizigo, mkulima anayetafuta kitambulisho chake, au umeme urudi. Sigara ilipoondoka, mkono haukuambiwa. Uliendelea kwenda, ukakuta patupu, nami nikautafutia kitu cha kushika, na mtu wa Mtwara anayetafuta kitu cha kuweka mfukoni hatafuti mbali. Vipande vya korosho vinavyovunjika wakati wa kubanguliwa huuzwa kwetu kwa bei nafuu, na karani wa ghala hakosi jirani anayebangua nyumbani. Kila asubuhi nilitia mfukoni, nikatafuna punje mojamoja hadi jioni, na nilijiona mwenye hekima kupita kiasi. Korosho ni chakula kizuri, ina protini, ina magnesiamu, na sehemu kubwa ya mafuta yake si yale yanayoudhuru moyo. Wala sina nia ya kuikosea adabu nikiwa ninaishi katika mkoa huu. Lakini zaidi ya gramu 40 katika kila gramu 100 za korosho ni mafuta, na gramu 100 hizo hubeba kalori takriban 550. Nilipopeleka ujazo wa mfuko wangu kwenye mizani ndogo ya duka la jirani, ulikuwa gramu 50. Ina maana kila siku nilikuwa ninakula kalori 275 ambazo sikuzihesabu kuwa chakula, kwa sababu hazikuliwa mkekani na hazikuwa na mchuzi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mwezi Machi. Sigara ilikuwa mpangaji wa miaka mingi katika siku yangu, ina vyumba vyake vinavyojulikana, na ilipohama, chakula kilihamia katika vyumba vyote bila kuulizwa kodi. Nilichukua daftari la zamani la ghala, nikageuza upande usioandikwa, nikaorodhesha saa zote nilizokuwa nikivuta: pamoja na chai ya asubuhi, nikifika kazini, nikisubiri, baada ya chakula cha mchana, kijiweni alasiri, baada ya chakula cha usiku, na kabla ya kulala. Mkabala na kila saa nikaandika kile ninachokula saa hiyo siku hizi. Safu ya pili ilijaa kuliko nilivyotarajia, na ilijaa mandazi, kashata, korosho na kiporo cha wali wa nazi. Nilihisi njaa ya kweli kwenye saa mbili tu kati ya hizo.

Chumba kilichonisumbua kuliko vyote ni mwisho wa mlo. Mvutaji atanielewa. Sigara ya baada ya chakula ilikuwa nukta. Ikiwashwa, mlo umekwisha, hata kama wali umebaki kwenye sinia. Bila nukta hiyo sentensi yangu haikuwa na mwisho: kijiko kimoja zaidi, kichwa cha samaki cha kuchokonoa, kipande cha embe, chai ya kushushia, na andazi la kusindikiza chai. Nilijaribu kujiamuru kusimama, nikashindwa, kwa sababu amri haina mahali pa kushika. Kilichonisaidia ni mswaki. Baada ya tonge la mwisho ninanawa mikono, ninaondoka mkekani, ninapiga mswaki papo hapo, na ladha ya dawa ya meno huharibu hamu ya chochote kitakachofuata. Ghalani ninatumia mswaki wa mti, ambao una faida ya ziada ya kuushughulisha mkono. Mwanzoni mke wangu aliona vibaya, kwa kuwa kuondoka mkekani haraka kwetu hufanana na kususa. Tulikubaliana kwamba nikimaliza kupiga mswaki nirudi kuketi na wenzangu, mikono mapajani, na bilauri ya maji. Watoto waliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha kwa muda wa wiki moja, kisha wakazoea.

Chumba cha kijiweni kilikuwa na fumbo lake. Tunakunywa kahawa alasiri, vikombe vitatu vidogo au vinne, pamoja na kashata, na nimekunywa hivyo tangu ujana bila kudhurika. Baada ya kuacha sigara, kahawa ile ile ya mzee yule yule ilianza kunitetemesha vidole na kuninyima usingizi hadi saa nane za usiku, na mtu aliye macho saa nane za usiku katika nyumba iliyolala hufanya mambo mawili tu, huwaza sigara au huenda jikoni. Nilidhani ni wasiwasi wa kuacha. Kumbe moshi wa tumbaku hulifanya ini liiondoe kafeini mwilini kwa haraka, na mtu akiacha kuvuta, ini hurudi kwenye mwendo wake wa asili, kwa hiyo kikombe kile kile hukaa katika damu muda mrefu zaidi. Nilikuwa ninakunywa, kwa hesabu ya mwili, kama mara mbili ya nilichokuwa nikinywa zamani. Nilipunguza hadi vikombe viwili na kuvinywa mapema, usingizi ukarudi ndani ya siku chache, na ulaji wa usiku ukapungua wenyewe bila mimi kupigana nao. Kashata nimeiacha kwa shida. Sitasema kwamba siionei wivu inapopita mbele yangu kwenda kwa mwingine.

Hapo kijiweni ndipo lilipotolewa shauri ambalo, kwa sababu ya kilo zile, nusura linirudishe kwenye sigara. Rafiki yangu mmoja, ambaye ananitakia mema na anavuta hadi leo, aliutazama mkanda wangu ulivyofungwa kwenye tundu la mwisho akasema kwamba mwili wangu umezoea dawa yake na sasa unadai; nivute mbili tu kwa siku, moja baada ya kila mlo mkubwa, kitambi kitaondoka chenyewe. Lilisikika kuwa shauri la kitabibu. Dukani kwetu sigara huuzwa moja moja, nikanunua moja, na kwa kuwa sikutaka kuonekana, niliitia katika mfuko wa shati pamoja na korosho zangu, nikapanga kuivuta nyumbani baada ya chakula cha usiku. Njiani mkono ukaenda mfukoni kama kawaida yake, ukatia mdomoni korosho tatu zilizojaa vumbi la tumbaku iliyomwagika, kwa maana sigara ilikuwa imevunjika. Sijawahi kuonja kitu kichungu kama kile, mimi niliyeuvuta moshi wake kwa miaka 22. Nilitema kando ya barabara, nikakung'uta mfuko wote, korosho na sigara pamoja, na tangu siku hiyo mfuko wa kushoto hukaa kalamu na leso.

Nilipomsimulia mwuguzi habari hiyo katika ziara ya pili, alicheka, kisha akasema neno ambalo nililisikia kwa mara ya kwanza likitumika kwa jambo la afya: "Njia mbili zilimshinda fisi, baba." Alikuwa ananizuia kwa sababu nilimletea mpango wa kufunga chakula cha usiku kabisa na kuacha wanga wote kuanzia siku inayofuata. Mtu anayejinyima chakula kwa ukali wakati bado anaisahau sigara, alisema, huwa anaupa mwili njaa mbili kwa pamoja, na mwili hutafuta njia fupi ya kuzituliza zote mbili, ambayo ni sigara. Alinitaka kwanza nisiongezeke kwa miezi mitatu. Kupungua kungefuata. Ushauri huo ulinikera, kwa kuwa nilitaka kuacha kuitwa Gunia mapema iwezekanavyo, lakini niliufuata.

Kwa hiyo mabadiliko ya chakula nyumbani yalikuwa madogo na ya polepole. Ugali wetu wa muhogo hatukuuacha. Muhogo ni wanga karibu mtupu, una protini kidogo sana, na ukiula na mchuzi mwepesi unaweza kujaza tumbo kisha ukasikia njaa kabla ya alasiri. Tuliupunguza ukubwa wa bonge, tukaongeza kando yake kunde, choroko au mbaazi, ambazo katika mkoa huu hazina uhaba, pamoja na samaki na mboga ya majani, na tofauti ilionekana kwenye saa kumi jioni, saa ambayo zamani nililikimbilia andazi. Mboga na kunde zilisaidia pia jambo ambalo watu huona haya kulitaja, yaani tumbo kufunga, ambalo huwapata wengi katika wiki za mwanzo za kuacha sigara. Tui la nazi halikuondoka kwenye mchuzi, kwa maana kuna mambo ambayo mtu wa pwani hawezi kuombwa, ila mke wangu alianza kutumia tui jepesi siku za kawaida na kuliweka zito kwa Ijumaa na kwa wageni. Sukari ya chai nilishusha kutoka vijiko vitatu hadi kimoja katika muda wa miezi miwili, na kwa kuwa nilikuwa ninakunywa vikombe vinne kwa siku, hilo peke yake liliondoa vijiko vinane kila siku. Ulimi uliorudishiwa ladha zake ulinisaidia katika hili, kwani kijiko kimoja kilitosha kuliko nilivyotazamia.

Kwa mkono usiotulia nilipata mbadala katika ming'oko. Kwa asiye wa kusini, ni mizizi myembamba ya mwituni ambayo huchimbwa wakati wa kiangazi, ikachemshwa, na kuuzwa kandokando ya barabara za Mtwara na Lindi, ikaliwa kwa chumvi na pilipili. Sifa yake kwa mtu kama mimi ni kwamba haina haraka: lazima umenye kila mmoja kwa vidole kabla ya kutia mdomoni, na fungu dogo linaweza kuchukua nusu saa ya kumsubiri dereva wa lori. Nayo ni wanga, sikatai, ila hakuna mafuta ndani yake na vidole huchoka kabla tumbo halijajaa. Nje ya kiangazi ninatumia miwa, karoti mbichi, na katika msimu wa korosho mabibo, ambayo yanakausha ulimi kiasi kwamba mtu haendelei bila kufikiri.

Kutembea nilikuanza kwa sababu nyingine kabisa. Niligundua kwamba kiu ya sigara, hata ile kali, haidumu. Hupanda, hukaa dakika chache, kisha hushuka, na ukiwa unatembea hushuka mapema zaidi. Kwa hiyo kila iliponipanda asubuhi nilitoka. Baadaye ilikuwa desturi: baada ya sala ya alfajiri ninatoka Chikongola hadi ufukwe wa Shangani na kurudi, karibu saa nzima kwa mwendo wangu. Mwanzoni nilikohoa njia nzima na kupumzika mara mbili. Sasa ninapita bila kusimama, na wavuvi wanaorudi na mitumbwi wamekwisha kuacha kuniuliza ninamtafuta nani. Siku moja ya Jumapili nilijivuna nikatembea hadi Mikindani, kilomita zinazokaribia kumi, nikarudi kwa bajaji. Kutembea peke yake hakupunguzi uzito kwa kasi ambayo watu huidhania, na sikuona kioo cha mizani kikishuka kwa sababu yake katika mwezi wa kwanza, lakini presha yangu ilirudi mahali pake kabla kilo hazijarudi.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wanaoogopa kisukari kama mimi, kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nilisikilize shauri la kijiweni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia watu kwa miaka mingi, ulikuta kwamba walioacha sigara wakanenepa walikuwa na hatari iliyoongezeka ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa miaka ya mwanzo, ikifika kilele kati ya mwaka wa tano na wa saba kisha ikashuka. Lakini watafiti hao hao walikuta kwamba hatari ya kufa, hasa kwa maradhi ya moyo, ilikuwa ndogo kwa walioacha kuliko kwa wanaoendelea kuvuta, hata kwa wale walioongezeka zaidi ya kilo kumi. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, kwa kuwa ilikuwa inanihusu mimi kwa jina la utani. Sukari yangu ninaipima kila baada ya miezi sita.

Ramadhani ya mwaka 2025 ilinikuta nimejiandaa. Kilo 78 zilikuwa zimesimama tangu Novemba, kisha zikaanza kushuka kidogo kidogo, na hofu yangu ilikuwa mkeka wa futari. Nilifuturu kwa tende, maji na uji, nikaenda kuswali Magharibi, na niliporudi nilikula mlo mmoja kamili kwenye sahani yangu mwenyewe badala ya sinia, jambo ambalo mama mkwe wangu hajalisamehe hadi leo. Kaimati nilikula. Nilizihesabu, tatu, kila Ijumaa.

Oktoba iliyofuata nilipanda tena juu ya mizani ya ghala kabla gunia la kwanza halijaletwa, na safari hii vijana wa kupakia walisimama kunizunguka kama wakulima wanaosubiri bei. Kioo kilionyesha 72. Kiuno kilikuwa sentimita 92. Sijarudi kwenye 67 na mwuguzi ameniambia nisiifukuzie, kwa kuwa ule ulikuwa uzito wa mvutaji. Jina la Gunia limebaki, ila sasa wanasema gunia limepungua njiani na karani aulizwe.

Suruali nilizirudisha kwa fundi ili azibane viuno. Alizigeuza ndani nje, akanionyesha kitambaa cha ziada alichokiacha kwenye mishono tangu alipozifumua, akaniuliza kama akikate sasa kwa kuwa kinaufanya mshono kuwa mnene. Nilifikiri kidogo, nikamwambia akiache.